Kitambaa cha dari ya gari kikianguka



Wiki hii tuache kidogo mambo ya jikoni na ya shamba, tuzungumze juu ya gari. Najua wengine watasema gari ni kazi ya wababa. Ngojeni kwanza niwaeleze yaliyotupata nyumbani.

Gari letu ni Toyota Corolla ya zamani. Baba watoto anabeba nayo abiria na mizigo kwenye barabara ya taifa namba 5, kutoka hapa Luvungi mpaka Sange na Uvira. Mwaka jana kitambaa cha dari kilianza kulegea upande wa nyuma, kikafanya tumbo. Tukakibana kwa pini. Kikazidi kushuka. Fundi mmoja akaja na gundi, akapaka pale palipolegea, akabonyeza, tukamlipa. Baada ya wiki mbili kikaanguka tena. Akarudia, tukalipa tena.

Kisha usiku mmoja jirani yetu akashikwa na uchungu wa kuzaa. Tulikuwa njiani kumpeleka, madirisha wazi kwa sababu ya joto, upepo ukaingia, kitambaa kizima kikaachia na kumfunika baba watoto usoni. Gari likaenda pembeni, likasimama karibu na mfereji. Nilikirarua kwa mikono yangu ili tuendelee. Mama alijifungua salama, lakini mimi sikulala.

Kesho yake nilikipeleka kile kitambaa kwa wenzangu wa kikundi cha ushonaji. Tulipokigeuza, tukaona vumbi la rangi ya machungwa linadondoka. Hapo ndipo tulipoelewa.

Kitambaa cha dari hakikubandikwa moja kwa moja kwenye bati. Kuna ubao mwepesi kama katoni ngumu, juu yake sponji nyembamba, ndipo kitambaa. Miaka ikipita, joto na unyevu vinaiozesha ile sponji, inakuwa unga. Magari mengi tuliyo nayo huku yametoka Japani yakiwa yametumika tayari, yakapitia bandari ya Dar es Salaam, na bonde letu la Ruzizi lina joto kuliko Bukavu kule juu. Gari lililofungwa juani, ndani yake joto linaweza kuzidi la nje kwa nyuzi 20 katika saa moja tu. (Kwa hiyo mtoto asiachwe ndani ya gari hata kidogo, hata ukienda kununua chumvi tu.) Sasa, ukipaka gundi juu ya sponji iliyooza, ni kama kupaka chokaa ukuta wenye vumbi. Gundi inashika unga, si ubao.

Tuliamua kuifanya wenyewe, wamama wanne, siku moja na nusu. Tulifanya hivi:

1. Tulipiga picha kwa simu kabla ya kufungua kitu, na skrubu tukazipanga kwenye vikombe. Fundi wa gari alitutolea waya mmoja wa betri kabla ya kugusa taa ya ndani.

2. Tulifungua vizuia jua, taa na vishikio, tukalaza viti, tukautoa ubao kwa mlango wa nyuma. Watu wawili waushike, ukikunjika, umevunjika.

3. Tuliangalia bati la juu kama mvua inaingia. Kama linavuja, zibeni kwanza, la sivyo mtarudia kazi.

4. Tulikwangua sponji yote kwa burashi kavu, nje, tumefunga vitambaa puani. Msitumie maji, ubao utalainika. Hii ndiyo kazi ndefu, na ndiyo yule fundi aliyoiruka mara mbili.

5. Tulikata kitambaa kizito chenye kuvutika kidogo, karibu mita 2, kikizidi ubao pande zote. Chenye sponji mgongoni ni bora. Kitenge chepesi hakifai, gundi inapenya na kuacha madoa.

6. Tulitumia gundi ya kuhimili joto, ile inayopakwa pande zote mbili. Paka ubao, paka mgongo wa kitambaa, ngoja mpaka isinate kidoleni, halafu bandika. Anzeni nusu moja, kutoka katikati kwenda pembeni, mkilainisha kwa kiganja, kisha nusu ya pili. Ikishashika, haisogei tena.

7. Tuliacha usiku mzima, tukakunja kingo nyuma ya ubao, tukatoboa nafasi za taa, tukarudisha.

Angalieni mambo mawili. Harufu ya gundi hii ni sumu na inawaka moto: fanyeni kazi nje, mbali na mbabula, na mama mjamzito pamoja na watoto wakae mbali. Pia, kama pembeni mwa dari pameandikwa AIRBAG, kuna mifuko ya hewa ya kulinda abiria wakati wa ajali. Hapo mwiteni fundi anayeijua, wala msiifunike kwa kitambaa.

Fedha tuliyompa yule fundi mara mbili ingetosha kununua kitambaa na gundi, na chenji ingebaki. Tangu hapo madereva wawili wametuletea magari yao. Kupima, kukata, kunyoosha kitambaa bila mikunjo: hizo ni kazi tunazozijua toka zamani. Kikundi chenye cherehani na mikono minne kinaweza kuiongeza kwenye kazi zake.

Na wewe ambaye gari lenu linaning'inia kitambaa leo, usingoje usiku wa uchungu wa kuzaa. Kitoe kesho asubuhi, na mkwangue mpaka ubao uonekane.