Sheria ya Madhara (5): 'Sikukusudia' Haifuti Deni

Wiki hii tena tumesoma maneno yaleyale baada ya ajali ya basi. Polisi wanasema chanzo ni uzembe wa dereva, aliyetaka kulipita lori kwenye mlima bila kuona mbele. Ndugu wa majeruhi wanasema huyo si mzembe, ni muuaji. Mwenye basi anasema ajali haina kinga. Kauli hiyo ya tatu ndiyo inayoniudhi, maana imewanyima haki watu wengi waliokwisha kukubali kwamba mguu uliovunjika ni kudra tu.

Babeli ya kale haikukubali hivyo. Jiwe jeusi la sheria za Hammurabi, ambalo leo liko katika makumbusho ya Louvre, Paris, linasema kuwa mtu akimjeruhi mwenzake katika ugomvi, ataapa kwamba hakumpiga kwa kujua, na atamlipa tabibu. Kiapo kilimwepusha na kisasi, lakini gharama ya tiba ilibaki juu yake.

Kesi ninayoipenda kuliko zote ni ya fataki, Scott na Shepherd, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1773. Miaka mitatu kabla, jioni ya siku ya gulio katika mji wa Milborne Port, Somerset, Shepherd aliwasha fataki akairusha ndani ya soko lililojaa watu. Ikatua kwenye meza ya Yates, muuza mikate ya tangawizi. Mtu aitwaye Willis akaikwapua isije ikamuunguza yeye na bidhaa za Yates, akaitupa upande wa pili. Ikaangukia meza ya Ryal, aliyeuza mikate kama hiyo. Ryal naye akaitupa mbali, ikampiga Scott usoni, ikalipuka, ikamtoa jicho.

Nani alimtoa Scott jicho? Majaji watatu walisema Shepherd, kwa kuwa wale wawili wa katikati walikuwa wakijiokoa tu. Wa nne, William Blackstone, bingwa wa sheria wa zama zake, alipinga. Hakusema Shepherd hana kosa. Alisema jeraha halikutoka moja kwa moja mkononi mwake, hivyo Scott alifungua aina ya shauri isiyostahili. Hakuna aliyedai kwamba Shepherd alimlenga Scott, na bado alilipa. Anayerusha moto kwenye umati hawezi kujitetea kwamba hakujua utamuunguza nani, na dereva anayeovateki kwenye kona anarusha moto uleule.

Kipimo cha enzi hizo, basi, kilikuwa njia ya jeraha: limekuja moja kwa moja au kwa kuzunguka? Jaji wa Uingereza, Lord Denning, ndiye aliyeweka dhamira mbele, mwaka 1964, katika kesi ya Letang na Cooper. Mwanamke alijilaza kwenye nyasi za hoteli moja huko Cornwall akiota jua, gari likampanda miguu. Alichelewa kushitaki hadi miaka mitatu ya madai ya uzembe ikapita, akajaribu kuliita tukio hilo shambulio ili apate muda zaidi. Mahakama ya Rufani ikamkatalia: aliyeumiza kwa kukusudia hushitakiwa kwa shambulio, asiyekusudia hushitakiwa kwa uzembe.

Sasa turudi kwenye basi letu. Dereva hakutaka kumvunja mtu mguu. Aliijua hatari akaidharau. Huo ni uzembe, tena mkubwa, na kesi ya jinai itakwenda kwa njia yake. Kwenye madai, majeruhi anahitaji mambo matatu: wajibu wa kuchukua tahadhari, kuvunjwa kwake, na madhara yaliyotokana na kuvunjwa huko. Akisema ni makusudi, anajitwika mzigo wa kuthibitisha dhamira, na huenda akaipa kampuni ya bima sababu ya kukataa kulipa. Hasira ya ndugu zake ni ya haki kabisa, lakini wakili asiiandike kwenye hati ya madai.

Miaka ile mitatu ndiyo inayohesabiwa kwa madai ya namna hii Tanzania na Kenya pia. Waliolazwa waanze kuhesabu tangu siku ya ajali, si siku ya kutoka wodini, na nakala ya fomu ya polisi, PF3, waitunze pamoja na tiketi ya basi. Wiki ijayo tutaona kwa nini mwenye basi hulipia kosa la dereva wake.