Je, Wajua? Kamera Ikizimwa, Maisha Huendelea

Filamu za makala kuhusu maradhi, dhuluma na ustahimilivu hututoa machozi kwa saa moja au mbili, kisha taa huwashwa na kila mtu akashika njia ya kwao. Waliopigwa picha nao wana kwao. Haya ni machache kati ya mambo yaliyotokea nyuma ya kamera, au baada ya kamera kufungwa.

Lori la sinema kutoka Usambara

Je, wajua kwamba kati ya 1935 na 1937, Vugiri, kwenye milima ya Usambara, palikuwa na kituo cha kutengeneza filamu? Mradi wenyewe uliitwa Bantu Educational Kinema Experiment, na ulitoa filamu fupi takriban 35 kuhusu mambo kama malaria, kilimo na kuweka akiba. Picha zilikuwa bubu. Maneno yalirekodiwa kwenye sahani za santuri, hivyo filamu moja iliweza kubadilishiwa lugha kila ilipofika kwa watu wengine. Lori ndilo lililozungusha sinema hizo Tanganyika na nchi za jirani. Wenyeji waliigiza na wenyeji walitazama, lakini walioamua filamu iseme nini walikuwa Waingereza.

Mkulima akashika kamera mwenyewe

Miaka themanini hivi baadaye, mambo yaligeuka. Kisilu Musya, mkulima wa Kenya, alipewa kamera na mtengenezaji filamu wa Norway, Julia Dahr. Akairekodi familia yake, mashamba yaliyokauka na mvua zilizokuja kwa hasira. Dhoruba ilipong'oa paa la nyumba yake, aliyekuwa akirekodi ni yeye mwenye nyumba. Mwaka 2015 alifika Paris kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa wa tabianchi, na mwaka 2017 ikatoka filamu *Thank You for the Rain*.

Mvi zinapogeuzwa ushahidi

Pwani ya Kenya, wazee wamekuwa wakiitwa wachawi, na wengine kuuawa. *The Letter* (2019), ya Maia Lekow na Christopher King, inamfuata kijana anayerudi kijijini baada ya kusikia kwamba nyanya yake ametuhumiwa. Kadiri filamu inavyosonga, neno "uchawi" linapungua uzito na neno "shamba" linaongezeka. Wahusika wanazungumza Kigiriama na Kiswahili, na Kenya iliichagua filamu hiyo kuiwakilisha kwenye tuzo za Oscar.

Dola 15 zilizorudi na jina

Chris Mburu alikuwa mtoto maskini mwenye akili darasani huko Kiambu. Karo yake ya shule ililipwa na mfadhili wa Sweden asiyemjua, dola 15 hivi kwa muhula. Mburu akasoma hadi Harvard, akawa mwanasheria wa haki za binadamu katika Umoja wa Mataifa. Alipoanzisha mfuko wa kusomesha watoto wengine, aliupa jina la mfadhili wake, Hilde Back, kisha akaomba ubalozi wa Sweden umsaidie kumtafuta.

Alipatikana, bibi mzee aliyekuwa mwalimu wa watoto wadogo. Ndipo jambo jingine likajulikana. Hilde Back alikuwa Myahudi mzaliwa wa Ujerumani, aliyekimbilia Sweden akiwa msichana, na wazazi wake waliuawa na utawala wa Wanazi. Yeye mwenyewe alizuiwa kusoma kwa sababu ya asili yake. Mwanasheria anayepigania watu wanaobaguliwa, kumbe alisomeshwa na mtu aliyebaguliwa. Hayo yote yamo katika *A Small Act* (2010) ya Jennifer Arnold.

Kaseti iliyomtoa mtu gerezani

Randall Dale Adams alihukumiwa kifo Texas kwa kumuua polisi mwaka 1976. Zilibaki siku tatu tu auawe, mahakama ikaahirisha, na baadaye adhabu ikawa kifungo cha maisha. Errol Morris alipochunguza kesi hiyo kwa ajili ya *The Thin Blue Line* (1988), alimhoji David Harris, shahidi mkuu aliyemtia Adams hatiani. Siku ya mahojiano ya mwisho kamera iliharibika. Kikabaki kinasa sauti, na ndani ya kaseti hiyo Harris akasema maneno yaliyoonyesha kwamba Adams hakuwa muuaji. Ndiyo maana mwisho wa filamu mtazamaji haoni uso wa mtu. Anaona kinasa sauti kikizunguka.

Adams aliachiwa mwaka 1989 baada ya miaka 12 kizuizini. Muda si mrefu akamshtaki Morris, akidai haki ya hadithi ya maisha yake mwenyewe. Walimalizana nje ya mahakama.

Umeme ulipokatwa Chicago

*Hoop Dreams* (1994) ilipangwa iwe filamu ya dakika 30. Watengenezaji wakawafuata vijana wawili wa mpira wa kikapu, William Gates na Arthur Agee, kwa takriban miaka mitano, wakarudi na saa 250 hivi za picha na filamu ya karibu saa tatu. Nyumba ya kina Agee ilipokatiwa umeme, walilirekodi lile giza, kisha wakatoa pesa umeme urudishwe. Mapato yalipoingia, familia zote mbili zilipata mgao.

Filamu iliyogombana na tafsiri

Mwaka 2015 serikali ya Kongo ilipiga marufuku *L'homme qui répare les femmes* ya Thierry Michel, kuhusu Dkt. Denis Mukwege wa Hospitali ya Panzi, Bukavu, anayewatibu wanawake waliobakwa vitani. Sababu mojawapo iliyotolewa ni kwamba maneno ya wanawake hao, waliosema kwa lugha za kwao, hayakutafsiriwa sawasawa kwa Kifaransa. Marufuku iliondolewa baada ya wiki chache. Mwaka 2018 Mukwege akapata Tuzo ya Amani ya Nobel.

Kinywaji ambacho hakikutajwa

Katika *Super Size Me* (2004), Morgan Spurlock alikula McDonald's pekee kwa siku 30. Aliongezeka kilo 11 hivi, na madaktari wakashtushwa na hali ya ini lake. Mwaka 2017 akakiri kwamba kwa miaka 30 hakuwahi kukaa zaidi ya wiki moja bila pombe. Hapo ndipo watu walianza kuuliza ini lile liliharibiwa na nini hasa.

Neno la mwisho

Siku hizi kamera imo mfukoni mwa kila mtu, na mgonjwa wa leo hurekodiwa kabla hajafika hospitali. Siku mtu akibisha hodi akitaka kurekodi ugonjwa wa mama yako au shida ya jirani yako, mpe kiti kwanza, kisha muulize: maneno yetu utayatafsiri wewe au nani? Filamu ikiuzwa, mgao wetu ni upi? Na umeme ukikatwa, utarekodi giza tu?