Sekenke: Kwa nini lori huangukia upande wa nje wa kona?

Kama umewahi kupanda basi la Dar kwenda Mwanza, Sekenke unaijua. Ukishaiacha Singida mjini na kupita Misigiri, barabara inafika ukingoni mwa nyanda za juu za Iramba na kuanza kushuka kuelekea Shelui na bonde la Wembere. Abiria waliosinzia wanaamka. Basi linakata kona ya kushoto, unajikuta umemwegemea jirani yako wa kulia. Linakata ya kulia, inakuwa zamu yake kukuegemea.

Uliza ndani ya basi ni nini kimewasukuma, wengi watakwambia kuna nguvu inayotupa watu nje ya kona. Jibu limezoeleka sana, lakini si sahihi. Hakuna kitu kilichokusukuma nje.

Mwili wako ulikuwa unaenda mbele na "ulitaka" kuendelea hivyo hivyo. Isaac Newton aliliandika jambo hili mwaka 1687: kitu kilicho kwenye mwendo huendelea kwa mstari ulionyooka, kwa kasi ile ile, mpaka nguvu fulani ikibadilishe. Aliyegeuka ni basi. Ubavu wake, au bega la jirani, umekufuata ulipo na kukulazimisha ugeuke nalo. Kwa hiyo nguvu halisi iliyokugusa ilikuwa inakuvuta kwenda ndani ya kona.

Mlinzi wa shamba la mtama anayefukuza kwelea kwelea kwa kombeo anaijua fizikia hii bila kuisoma. Jiwe linazunguka kwa sababu kamba inalivuta muda wote kuelekea mkononi. Akiachia ncha moja ya kamba, mvuto unakatika, na jiwe linaondoka kwa mstari ulionyooka, kufuata uelekeo liliokuwa nao sekunde ile ile. Ndiyo maana kazi kubwa ya kombeo ni kujua wakati wa kuachia. Na hata mashine ya kukamulia asali, ambayo Singida si ngeni, inafanya kazi hivyo: masega yameshikwa na fremu kwa hiyo yanazunguka, asali haijashikwa vya kutosha, basi inaendelea na safari yake mpaka inagonga ukuta wa pipa na kuteremka chini.

Sasa lori halina kamba wala fremu. Kinachofanya kazi ya kamba ni msuguano, yaani jinsi tairi zinavyong'ang'ania lami. Wajenzi husaidia kwa kuinua kidogo ukingo wa nje wa kona, lakini kazi kubwa inabaki kwa tairi.

Tupige hesabu. Huu ni mfano tu, si vipimo vya kona fulani ya Sekenke. Chukua lori la tani 30 pamoja na mzigo, linapita kona ambayo ukiichora iwe duara kamili, kutoka katikati mpaka barabarani ni mita 50. Likipita kwa kilomita 30 kwa saa, tairi zinatakiwa kulivuta kwenda ndani kwa nguvu inayolingana na uzito wa tani 4 na kidogo. Likipita kwa kilomita 60 kwa saa, inatakiwa nguvu ya tani 17.

Spidi imezidi mara mbili, nguvu imezidi mara nne. Hapa ndipo akili ya kawaida inapodanganyika. Hesabu yenyewe ni uzito, mara kasi, mara kasi tena, gawanya kwa ukubwa wa duara. Kasi inaingia mara mbili. Dereva aliyeongeza "kidogo tu" ameongeza zaidi ya anavyodhani, na kona ikiwa kali zaidi, yaani duara dogo, deni linapanda tena.

Utasikia watu wakisema lori zito halina shida kwa sababu linashika barabara. Ni nusu ya ukweli. Uzito ukiongezeka, msuguano unaongezeka, lakini nguvu inayohitajika kuligeuza nayo inaongezeka kwa kiasi kile kile. Huwezi kununua usalama wa kona kwa kupakia zaidi. Kinyume chake, unapakia kwenda juu, na hilo ndilo baya.

Mvuto wa tairi uko chini kabisa, kwenye lami, wakati magunia ya alizeti yako juu. Miguu inavutwa ndani, kichwa kinataka kwenda moja kwa moja. Malori mengi yenye shehena ndefu huanza kupinduka pale nguvu ya kona inapofika kama asilimia 40 ya uzito wao, na mengine hata kabla ya hapo. Kwenye kona yetu ya mfano, hiyo ni kama kilomita 50 tu kwa saa! Tairi bado zimeshika lami vizuri, na lori linalala. Linalalia upande wa nje, kwa sababu huko ndiko sehemu yake ya juu ilikokuwa inaelekea. Lori la mafuta lenye tenki lisilojaa lina tabu ya ziada, kwa kuwa mafuta nayo hukimbilia upande huo huo.

Basi dereva akanyage breki ndani ya kona? Hapana, hapo amechelewa. Tairi ina mshiko mmoja tu, na breki na usukani vinagawana huo huo. Ukiutumia mwingi kusimama, unaobaki wa kugeuka ni mdogo. Mchanga au matone ya mvua ya kwanza juu ya lami yakiupunguza, ndiyo kabisa. Spidi inapunguzwa kabla ya kona, wakati gari bado limenyooka. Kwenye mteremko kama wa Sekenke, hiyo maana yake ni kushuka na gia ndogo tangu juu, injini ilizuie gari. Anayeshuka na gia kubwa huku akikanyaga breki njia nzima anazichemsha, na breki zilizochemka hazishiki. Kwa mwenye gari ni tatizo la breki, lakini mita 200 mbele limeshageuka kuwa tatizo la kona.

Abiria naye anaweza kupima. Tafuta kitu kinachoning'inia ndani ya basi, kamba ya begi kwenye keria inatosha. Kwenye kona ya kilomita 30 kwa saa niliyotaja, itaning'inia ikiwa imeinama nyuzi 8 hivi kuelekea nje. Ukiiona inakaribia nyuzi 22, pale ambapo lori la magunia lingekuwa linalala, usingoje Shelui ndipo uongee na konda.