Kikulacho Ki Nguoni Mwako: Wahusika Waovu na Usimulizi katika Filamu za Star Wars

Utangulizi

Kila muhula tunaposahihisha majibu ya wanafunzi kuhusu wahusika, tunakutana na sentensi ile ile: "Huyu ni mhusika mbaya kwa sababu ni katili, mchoyo na ana roho mbaya." Sentensi hiyo haina kosa la sarufi, lakini haijaeleza lolote. Ni sawa na kumwuliza daktari mgonjwa ana nini, naye akajibu kwamba anaumwa. Swali letu huwa ni lile lile: ubaya huo umetoka wapi, na unaifanyia hadithi kazi gani?

Katika makala haya tunanuia kulijibu swali hilo kwa kutumia filamu za Star Wars. Tumezichagua kwa sababu mbili. Kwanza, wanafunzi wetu wengi wamekwisha kuziona, ama nyumbani ama katika vibanda vya video ambako mfasiri hukaa na kipaza sauti na kuzifasiri kwa Luganda papo kwa papo. Pili, filamu kuu za mfululizo huu ni tisa, na zimetengenezwa kwa zaidi ya miaka 40, kuanzia mwaka 1977 hadi 2019. Kwa hiyo mazuri na makosa ya usimulizi yanapatikana ndani ya kazi moja, na mwalimu anaweza kuyaweka bega kwa bega.

Kwa msomaji asiyezijua, kisa kwa ufupi ni hiki. Dola kandamizi inatawala sayari nyingi, na kundi dogo la waasi linaipinga. Kijana wa shamba, Luke Skywalker, anajiunga na waasi na kujifunza kutumia Nguvu, yaani uwezo usioonekana unaoviunganisha viumbe vyote. Anayewawinda waasi kwa niaba ya Dola ni Darth Vader, mtu mrefu mwenye joho jeusi na barakoa. Filamu tatu za kwanza zilitoka mwaka 1977, 1980 na 1983. Tatu zinazosimulia mambo yaliyotangulia zilitoka mwaka 1999, 2002 na 2005. Tatu za mwisho zilitoka mwaka 2015, 2017 na 2019, baada ya kampuni ya Disney kuinunua kampuni ya George Lucas, mwasisi wa kisa hiki, mwaka 2012.

Mkinzani si lazima awe mwovu

Kabla ya kuendelea, yafaa tutenganishe istilahi mbili ambazo wanafunzi huzichanganya. Mhusika mkinzani ni yeyote anayezuia lengo la mhusika mkuu. Anaweza kuwa mzazi mwema anayemkataza bintiye safari. Mhusika mwovu ni yule anayetenda uovu, awe amemzuia shujaa au la. Katika hadithi nyingi mtu mmoja hubeba kazi zote mbili, lakini si lazima. Tutaona kwamba filamu hizi hupata nguvu pale uovu na ukinzani vinapokutana katika mtu ambaye shujaa hawezi kumwepuka.

Vader: adui wa nyumbani

Tuanze na anavyoingia jukwaani. Katika filamu ya mwaka 1977, tunaona ujia mweupe uliojaa moshi, kisha mtu mweusi tititi anapita katikati ya maiti huku pumzi yake ikisikika kama chombo cha hospitali. Kabla hajatamka neno, tumemjua. Fundi wa sauti Ben Burtt aliipata pumzi hiyo kwa kurekodi kifaa cha kupumulia cha wapiga mbizi. Mwili ulikuwa wa mwigizaji David Prowse na sauti ilikuwa ya James Earl Jones. Hapa mwalimu wa uandishi ana somo la bure: mhusika hujengwa kwa mwonekano, sauti na namna wengine wanavyomwogopa, si kwa msimulizi kutuambia kwamba ni katili.

Hata hivyo, katika filamu hiyo ya kwanza Vader si bwana mkubwa. Anayetoa amri ni mtawala aitwaye Tarkin, ambaye ndiye anayeagiza sayari nzima ilipuliwe. Vader anapomnyonga ofisa mkutanoni bila kumgusa, Tarkin anamwambia amwache, naye anamwacha. Tungeishia hapo, Vader angebaki mtumishi wa kutisha, basi.

Mambo yalibadilika katika The Empire Strikes Back ya mwaka 1980, iliyoongozwa na Irvin Kershner. Baada ya kumkata Luke mkono, Vader anamfichulia kwamba yeye ndiye baba yake. Siri hiyo ililindwa sana wakati wa kurekodi: Prowse alipewa maneno mengine ya kutamka, na sentensi ya kweli ikaingizwa baadaye kwa sauti ya Jones. Lakini jambo la maana kwetu si mshtuko wa watazamaji. Jambo la maana ni kwamba swali la hadithi lilibadilika. Awali tulijiuliza, "Luke atamshindaje adui?" Sasa tunajiuliza, "Luke atawezaje kutokuwa kama baba yake?" Wahenga walikwisha kusema kwamba kikulacho ki nguoni mwako.

Tena ufichuzi huo haukudondoka kutoka juu. Mapema katika filamu hiyo hiyo Luke anaota njozi pangoni, anakata kichwa cha Vader, na ndani ya barakoa anaona uso wake mwenyewe. Hadithi imetupa kidokezo, nasi hatukukielewa. Hiyo ndiyo kazi ya ubashiri katika msuko. Kisha katika Return of the Jedi ya mwaka 1983, Luke anamkata Vader mkono, anaona kwamba ni wa chuma, anautazama mkono wake mwenyewe ambao nao ni wa bandia, na kuutupa upanga. Hapana hotuba ndefu. Mikono miwili imesema yote.

Wanafunzi wetu wa fasihi simulizi watamkumbuka Fumo Liyongo. Katika kisa kile mtawala anamrubuni mtoto wa Liyongo amwulize baba siri ya kifo chake, na mtoto anamwua kwa kumdunga sindano ya shaba kitovuni. Mwelekeo ni kinyume: kule mwana anamsaliti baba, huku mwana anakataa kumwua. Lakini nguvu ya visa vyote viwili inatoka mahali pamoja. Mkono unaoua, au unaokataa kuua, ni wa damu moja na anayeuawa.

Adui wa mapambo na haraka ya usimulizi

Tukija kwenye filamu za mwaka 1999 hadi 2005, ambazo Lucas aliziongoza mwenyewe, tunaona udhaifu wa aina mbili.

Udhaifu wa kwanza ni adui wa mapambo. Katika The Phantom Menace yumo Darth Maul, mwenye uso mwekundu uliochorwa mistari myeusi, pembe kichwani na upanga wa mwanga wenye ncha mbili. Mapigano yake yanavutia mno. Lakini anasema sentensi chache tu, na hatujui anataka nini kwa nafsi yake. Anatumwa, anapigana, anakatwa. Filamu mbili zilizofuata zikaleta wengine, Dooku na Grievous, nao wakaondoka. Adui anayeweza kubadilishwa kama balbu hana mzizi katika hadithi.

Udhaifu wa pili ni haraka. Filamu hizi zinasimulia jinsi Anakin, kijana mwema, alivyogeuka kuwa Vader. Sababu yenyewe ni nzuri: anaota kwamba mkewe atakufa, na anaambiwa kwamba ipo elimu ya giza inayoweza kumwokoa. Woga wa kufiwa unaeleweka na kila mtu. Hata hivyo, katika Revenge of the Sith ya mwaka 2005, anajutia kifo alichokisababisha, na katika onyesho hilo hilo anapiga magoti mbele ya bwana mpya. Punde tu yuko hekaluni akiwaua watoto. Kati ya woga na mauaji ya watoto kuna ngazi nyingi, nasi tumerushwa juu yake. Mtazamaji anajua kwamba kijana lazima awe Vader, lakini hakumwona akiwa Vader hatua kwa hatua.

Pamoja na hayo, filamu hizi zina mwovu mmoja aliyesukwa vizuri: Palpatine, aliyeigizwa na Ian McDiarmid. Huyu hapindui serikali kwa mizinga. Anachochea vita, anawatisha wabunge kwa vita hivyo, anapewa mamlaka ya dharura, na siku anapotangaza Dola bunge linampigia makofi. Uovu wake una ngazi, na kila ngazi imejengwa na kura ya mtu mwingine.

Kwa sababu hiyo, kosa la mwaka 2019 linauma zaidi. Filamu tatu za mwisho zilianza na mwovu mwenye matumaini, Kylo Ren, kijana anayeogopa kwamba hatoshi kuwa mwovu kama babu yake Vader. Bwana wake, Snoke, hakupewa historia yoyote na aliuawa katikati ya The Last Jedi ya mwaka 2017. Filamu ya mwisho ikajikuta haina adui mkuu, ikamrudisha Palpatine aliyekufa mwaka 1983. Kurudi kwake kunatangazwa katika maandishi ya mwanzo wa filamu, bila maandalizi katika filamu mbili zilizotangulia. Matokeo yake, kile Vader alichokitoa uhai wake ili kukimaliza kikawa hakikwisha. Msimulizi akifufua adui bila gharama, hutoza gharama hiyo kwenye hadithi ya zamani.

Askari ndani ya kofia

Tumebakiza jambo moja, na ndilo lililotufanya tuandike makala haya.

The Force Awakens ya mwaka 2015 inaanza kwa shambulio la kijiji. Askari wa mavazi meupe, ambao katika filamu zilizotangulia walikuwa wakianguka kama migomba, wanaingia. Mmoja anapigwa, na kabla ya kufa anampaka mwenzake damu kwenye kofia. Mwenzake huyo anashindwa kufyatua silaha wanakijiji wanapouawa. Baadaye anavua kofia, nasi tunamwona kijana anayetweta kwa hofu, aliyeigizwa na John Boyega. Hana jina, ana namba: FN-2187. Alichukuliwa kwa wazazi wake akiwa mtoto na kufunzwa vita. Rafiki mpya anampa jina la Finn.

Katika maandalizi yetu ya somo tulikuwa tumeliweka tukio hili chini ya "nguvu", na kwa hakika ni nguvu. Adui asiye na uso amepewa uso. Lakini mwanafunzi mmoja aliyekulia kaskazini mwa Uganda aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, hao wengine ndani ya kofia nao si walichukuliwa kama yeye? Mbona dakika chache baadaye anawapiga huku akishangilia, na hakuna anayewalilia?"

Darasa lilinyamaza. Hapa Uganda swali hilo si la filamu. Maelfu ya watoto walitekwa na waasi wa LRA na kufanywa askari, na Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000 ilikuja kwa sababu nchi ililazimika kujiuliza huyu aliyerudi kutoka msituni ni adui au ni mtoto wetu. Filamu ililigusa swali hilo, kisha ikalikimbia. Mwaka 2019 Finn anakutana na kundi la askari wengine walioasi, wanazungumza kidogo, na vita vinaendelea. Tulifuta "nguvu" ubaoni, tukaandika "ahadi isiyotimizwa".

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba nguvu ya mhusika mwovu haimo katika silaha yake wala sura yake. Imo katika mambo matatu: anachokitaka, kinachomfunga na shujaa, na hatua zilizomfikisha alipo. Vader anayo yote matatu, Maul hana hata moja, na Anakin amenyimwa la tatu. Askari wa kofia nyeupe walikaribia kupewa, kisha wakanyang'anywa.

Kwa walimu wenzetu, tunapendekeza maswali matatu ya mjadala. Kwanza, chagua mhusika mwovu katika kitabu mnachosoma, ueleze anataka nini bila kutumia neno "mbaya". Pili, taja hatua alizopitia na uonyeshe iliyorukwa. Tatu, tafuta katika kazi hiyo wanaokufa bila kutajwa majina, kisha mwandikie mmoja wao aya moja.

Swali hilo la tatu hatukulitunga sisi. Lilitoka kwa mwanafunzi aliyeinua mkono.