Moshi wa jikoni na uzazi wa kesho

Mwezi wa saba, baridi inapokaza kwenye nyanda za juu za Mbulu, moto hauzimwi ndani. Katika nyumba nyingi za vijijini, mafiga yanayoivisha ugali ndiyo yanayowapasha watu joto usiku na kukausha mahindi darini. Ukishuka upande wa Hanang, kuni zikiadimika watu huchochea mabua, magunzi na samadi kavu, na moshi wake ni mzito kuliko wa kuni. Anayepuliza moto huo mara nyingi ni mama mjamzito. Akishajifungua, anapuliza akiwa na mtoto mgongoni.

Moshi huu tumezoea kuulaumu kwa kikohozi, macho mekundu na nimonia. Mimi nautazama kwa jambo jingine: uwezo wa mtoto yule wa mgongoni kuja kupata watoto wake mwenyewe.

Mtoto wa kike huumbiwa mayai yake yote akiwa tumboni. Kufikia mwezi wa tano wa mimba, ovari zake zina mayai milioni 6 hadi 7. Akizaliwa yamebaki milioni 1 au 2, na akivunja ungo ni kama 300,000 tu. Mengine hapati. Moshi wa kuni, kama wa sigara, una kemikali za jamii ya haidrokaboni ambazo kwa panya wa maabara zimeonekana kuua mayai yakiwa bado machanga. Wanawake wanaovuta sigara hukoma hedhi mwaka mmoja au miwili mapema kuliko wenzao.

Wa kiume naye ana akiba yake. Ndani ya korodani kuna seli za Sertoli, ambazo kazi yake ni kulea mbegu. Huongezeka tumboni, utotoni na hadi kubalehe, kisha husimama, na kila moja hulea mbegu chache tu. Kati ya wiki ya 8 na ya 14 ya mimba homoni za kiume ndizo zinazopanga jinsi viungo vya uzazi vitakavyokua. Huko Denmark, vijana ambao mama zao walivuta sigara wakiwa wajawazito walikutwa na mbegu chache kuliko wenzao.

Moshi unamfikiaje mtoto? Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Hasselt, Ubelgiji, waliona chembe za masizi kwenye kondo la nyuma, upande wa mtoto. Mwaka 2022, wakishirikiana na wenzao wa Aberdeen, waliziona kwenye ini, mapafu na ubongo wa vijusi. Kisha kuna kaboni monoksidi, isiyoonekana wala kunusika, ambayo hung'ang'ania damu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni. Jiko la mkaa linaloingizwa chumbani usiku wa baridi hutoa moshi kidogo lakini gesi hii kwa wingi. Utafiti wa wajawazito jijini Dar es Salaam, uliochapishwa mwaka 2017, uliihusisha na kuganda kwa damu katika mishipa ya kondo upande wa mtoto.

Hata hivyo siwezi kumwambia mke na mume wa Katesh, kule Hanang, waliokosa mtoto kwamba moshi ndio chanzo. Ushahidi mwingi juu ya uzazi umetoka kwa wavutaji sigara, wakazi wa miji yenye magari mengi, na wanyama wa maabara. Magonjwa ya zinaa yasiyotibiwa na mirija iliyoziba hupimwa kwanza, na mume apimwe pia. Ni dhuluma kumbebesha mke lawama peke yake.

Tunahitaji pia kuwahi. Katika utafiti mkubwa uliohusisha Rwanda, Guatemala, India na Peru, wajawazito wapatao 3,200 waligawanywa, nusu wakapewa majiko ya gesi. Uzito wa watoto wao wakizaliwa haukupanda kwa kiasi cha maana. Lakini walianza kati ya wiki ya 9 na ya 20, wengine dirisha lile la wiki ya 8 hadi 14 likiwa limeshapita. Kwetu wanawake wengi huanza kliniki baada ya mwezi wa tatu.

Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania waifikie ifikapo 2034. Msichana atakayeolewa mwakani hawezi kusubiri hadi hapo. Kuni zilizokauka vizuri, jiko lenye bomba la kutolea moshi, kupikia nje mvua zisiponyesha, na bibi au shangazi kumpokea mtoto wakati wa kupika: hayo yanawezekana leo.

Haydom, Mbulu, kuna hazina ya pekee. Utafiti wa MAL-ED, uliofanyika katika nchi nane, uliandikisha watoto wachanga wa hapo kuanzia mwaka 2009 na kufuatilia lishe, magonjwa na ukuaji wao. Watoto hao sasa wanabalehe. Wafuatwe tena, kwa ridhaa yao na ya wazazi wao, waulizwe walikulia kwenye jiko la namna gani, wasichana walivunja ungo lini, na damu yao ipimwe homoni.

Kwa muuguzi wa zahanati, swali moja liingie kwenye mahudhurio ya kwanza ya kliniki: unapikia wapi, na nani anawasha moto asubuhi? Ajibu mama, na mume naye awepo asikie.