Mafungo ya Tafakuri: Je, Siku Nyingi Zina Faida Zaidi?

Mgonjwa akiuliza kama aende mafungo ya tafakuri ya siku tatu, kumi au miezi mitatu, wengi wetu humjibu kana kwamba siku ni dozi: zikiongezeka, nafuu nayo huongezeka. Tafiti haziungi mkono hesabu hiyo.

Tafakuri tunayoizungumzia ni ya kujichunguza nafsi. Mtu huketi kimya, akaangalia pumzi, hisi za mwili na mawazo yanavyokuja na kupita, pasipo kuyafuata wala kuyafukuza. Katika kozi za vipassana zilizoenezwa kutoka India na S. N. Goenka, hufanya hivyo takriban saa 10 kwa siku, kwa siku 10. Mwaka 1979, katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Jon Kabat-Zinn aliwaandalia wagonjwa wenye maumivu sugu njia nyepesi zaidi: wiki 8, darasa moja kila wiki, mazoezi ya nyumbani, na siku moja tu ya ukimya. James Carmody na Ruth Baer walipolinganisha tafiti za mipango ya aina hiyo mwaka 2009, hawakuona uhusiano kati ya wingi wa saa za darasa na kupungua kwa dhiki ya nafsi.

Mafungo marefu nayo yana matunda yake. Mwaka 2007, huko Colorado, timu ya Clifford Saron ilifuatilia watu waliotafakari kwa miezi mitatu, na umakini wao ukaongezeka. Miaka saba baadaye sehemu ya faida hiyo ilikuwa ingalipo. Na miongoni mwa wenye umri mkubwa, waliodumu katika zoezi ndio waliohifadhi zaidi umakini wao. Tukumbuke, hata hivyo, kwamba hao walikuwa wazoefu, tena waliochujwa kabla ya kupokewa.

Mgonjwa wa kliniki hachujwi na mtu ila sisi. Kabla ya kumruhusu, mhudumu aulize kama amewahi kuona maruweruwe, kupata ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka, au kunusurika tukio la kutisha ambalo bado linamrudia. Ukimya wa siku nyingi huweza kuyaamsha hayo. Dawa zisisimamishwe kwa ajili ya mafungo. Akikosa usingizi usiku mbili mfululizo, au akianza kusikia sauti, aache kutafakari na aonwe na daktari. Asiyewahi kutafakari aanze nyumbani, dakika 10 hadi 20 kila siku, kwa wiki kadhaa.