Paa Kwanza: Kuhami Joto Katika Nyumba za Zamani za Eastlands

Kuhami nyumba ni kuweka kitu kinachochelewesha joto kupita, liwe linaingia au linatoka. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo nyumba huhitaji kinga ya namna zote mbili: Februari saa nane mchana mabati hayashikiki, na alfajiri ya Julai, joto la nje likishuka hadi nyuzi 11 au 12, mabati hayohayo huwa yamenyonya joto la chumbani usiku kucha.

Jiji likiwa karibu na ikweta, jua la adhuhuri hupiga paa zaidi kuliko ukuta. Kuta za mawe za mitaa ya Eastlands kama Kaloleni, iliyojengwa miaka ya 1940, hupata moto polepole na kupoa polepole, na hazihitaji msaada mwingi. Mwenye nyumba anayeanza kwa kubandika mbao ukutani huzitupa pesa zake. Ukuta unaotazama magharibi pekee ndio wenye shida, na dawa yake ni kivuli: mti, au paa lililorefushwa kidogo.

Bati lina unene usiofika milimita moja, na likishika moto huwa kama ubavu wa jiko: mtu huhisi joto lake bila kuligusa. Joto la namna hiyo huzuiwa na foili inayong'aa, kwa sharti moja ambalo mafundi wengi hulipuuza: upande unaong'aa lazima uwe na nafasi ya hewa, isiyopungua milimita 25. Foili iliyobanwa kati ya papi na bati bila nafasi ni sawa na bati la pili. Upande unaong'aa utazame chini, kwa kuwa vumbi hutua juu na kuufifisha, na Eastlands vumbi halijawahi kuadimika.

Usiku wa Julai foili haitoshi. Hewa ya chumbani yenye joto hupanda hadi kwenye dari, na hapo inahitajika pamba ya glasi au ya mawe yenye unene wa milimita 75 hadi 100, iliyolazwa juu ya dari bila kushindiliwa, maana kinachohami ni hewa iliyonaswa ndani yake. Kwanza dari yenyewe ikaguliwe. Ubao laini wa zamani wenye madoa ya kahawia, unaobonyea ukisukumwa kwa kiganja, umekwisha kuoza kwa maji. Uondolewe na tundu la paa lizibwe. Nyaya za umeme zilizochakaa zibadilishwe kabla ya kufunikwa, kwani chini ya pamba hazipati pa kupoea.

Bati lililopoa hutoa jasho: mvuke wa chumbani huligusa, ukawa matone, yakadondokea pamba. Pamba iliyolowa haihami kitu. Kwa hiyo pembeni mwa paa huachwa upenyo wa hewa, wenye wavu wa kuzuia popo.

Paa la asbesto ni habari nyingine. Mabamba yake hayakatwi, hayatobolewi wala hayasuguliwi, kwa sababu nyuzi zake zikivutwa ndani huharibu mapafu. Kanuni za taka za Kenya za mwaka 2006 ziliyahesabu kuwa taka hatari, na kuyaondoa ni kazi ya wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira. Dari na pamba vinaweza kuwekwa chini yake mradi mabamba yasiguswe.

Mpangaji wa nyumba ya kaunti, kama zile za Jericho au Maringo, hapaswi kugusa paa bila idhini; lililo rahisi kwake ni pazia zito na kuziba nyufa za mlango. Matundu ya hewa yaliyo juu ya madirisha hayazibwi hata Julai ikiuma. Palipo na jiko la makaa, gesi ya sumu isiyo na harufu hujaa katika chumba kilichofungwa na kuua waliolala.